SHULE ZA JIJI: LIPI LITANGULIE?

Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta katika Mkoa wa Dar es Salaam watu 5,383,728. Miaka kumi kabla ya hapo, katika Sensa ya 2012, watu wa mkoa huo walikuwa 4,364,541. Maana yake ni kwamba katika muda ambao mtoto huanza darasa la kwanza na kufika kidato cha tatu, mkoa huu mmoja uliongezewa wakazi zaidi ya milioni moja. Wala watu hao hawakugawanyika sawasawa mitaani. Kariakoo, mathalani, nyumba za familia zinageuka maduka na maghala mwaka baada ya mwaka, na watoto wanapungua. Familia zimehamia Chanika, Msongola na Kivule; zimehamia Chamazi, Goba, Kibamba, Bunju na ng'ambo ya Kigamboni. Huko ndiko waliko watoto, na huko ndiko shule zinakofurika.

Jukumu la kuwasomesha watoto hao limekabidhiwa halmashauri tano: Kinondoni, Temeke, Ubungo, Kigamboni, na Ilala, ambayo ndiyo iliyopewa hadhi ya Jiji mwezi Februari 2021 baada ya ile Halmashauri ya Jiji ya zamani kuvunjwa. Kila moja ina mkurugenzi wake, afisa elimu wake, baraza lake la madiwani na mpango wake wa elimu. Mtoto akivuka barabara kwenda shule ya jirani huenda amevuka mpaka wa halmashauri asijue, lakini kwa wapangaji amekuwa mtoto wa watu wengine.

Mtu akiisoma mipango ya aina hii hatalalamika kwamba imepungukiwa na malengo. Malengo yamejaa tele. Kuinua ufaulu, kukomesha utoro, kujenga madarasa, kutengeneza madawati, kuchimba vyoo, kuzungushia shule uzio, kununua kompyuta, kufufua michezo, kupanda miti, kutoa uji, kuwaendeleza walimu kazini, kuimarisha kamati za shule: yote yameandikwa, na yote yamepewa neno "kipaumbele". Hapo ndipo penye kasoro. Kipaumbele ni kile kinachopewa nafasi ya mbele, na nafasi ya mbele haiwezi kukaliwa na mambo kumi na mawili kwa wakati mmoja. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Sasa itakuwaje kwa mwalimu mkuu aliyeshikishwa kumi na mawili, naye ana chaki, sijala, na fedha za mwezi zisizotosha kulipia umeme na maji?

Mwalimu Nyerere alipoueleza Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano mbele ya Mkutano Mkuu wa TANU mwaka 1969, alisema kwamba kupanga ni kuchagua. Maneno hayo yamerudiwa mara nyingi katika semina hata yamekuwa kama salamu. Lakini uzito wake ulionekana dhahiri miaka mitano baadaye. Mpango ule ulikuwa umekusudia kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1989. Mwezi Novemba 1974, Azimio la Musoma lilikata shauri kwamba nchi haiwezi kungoja hadi wakati huo, na lengo likarudishwa nyuma hadi Novemba 1977. Lilikuwa lengo moja, lenye tarehe, ambalo kila mjumbe wa nyumba kumi aliweza kulieleza kwa jirani yake. Watoto wakaandikishwa chini ya miti, wakasoma kwa zamu, na vijana waliomaliza darasa la saba wakapewa chaki wafundishe huku wakijifunza ualimu. Gharama ya uchaguzi huo ilijulikana: ubora ungeyumba, nao uliyumba. Hata hivyo wapangaji wa wakati ule hawakujificha nyuma ya orodha. Walisema wanataka nini kwanza na nini kitasubiri.

Mawimbi mawili yaliyofuata yaliwakuta wahusika hawakujiandaa vilivyo. Ada ya shule za msingi ilipofutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, kuanza mwaka 2002, madarasa ya kwanza yalifurika. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulipofungua mlango wa elimu bila malipo kuanzia Januari 2016, yalifurika tena. Mara zote mbili jambo lenyewe lilikuwa jema, maana mtoto wa maskini aliingia shule. Na mara zote mbili mzigo uliangukia mahali pale pale: mgongoni mwa mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya pembezoni mwa mji.

Kuna lengo moja ambalo kwa muda mrefu limeyameza mengine yote, nalo ni ufaulu wa darasa la saba. Mwaka 2012 ni asilimia 31 tu ya watahiniwa waliofaulu. Mwaka huo huo ikabainika hadharani kwamba baadhi ya vijana waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Taifa likashtuka. Mwaka 2013, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, yakawekwa malengo ya asilimia, na shule zikaanza kupangwa kwa rangi na kwa namba. Ilipofika 2016 ufaulu ulikuwa umevuka asilimia 70. Yafaa kuuliza, bila kuwabeza walimu waliofanya kazi kwa bidii, kama kweli watoto wa 2016 walikuwa wanajua mara mbili ya yale waliyoyajua wenzao miaka minne nyuma. Mtihani wa majibu ya kuchagua humruhusu mtoto kukisia. Makambi ya usiku, majaribio ya kila wiki na kumwondoa mwalimu hodari darasa la pili ili akaokoe darasa la saba huinua asilimia. Havimfundishi kusoma mtoto ambaye hakufundishwa alipokuwa na miaka saba. Baraza la Mitihani lilipoacha, kuanzia matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023, kuzitaja shule kumi bora, lilifanya jambo la busara. Lakini katika ofisi nyingi za elimu orodha hizo bado zinaandaliwa kwa mkono na kubandikwa ukutani.

Kama halmashauri za Dar es Salaam zitachagua jambo moja la kutangulia, basi liwe hili: kila mtoto anayemaliza darasa la pili aweze kusoma habari fupi ya Kiswahili na kueleza alichokisoma, aandike sentensi zake mwenyewe, na afanye hesabu za kujumlisha na kutoa bila kuhesabu vijiti. Si jambo geni. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipunguzwa masomo mwaka 2015 ili muda mwingi uende kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK. Walimu wengi walipewa mafunzo. Kilichokosekana ni kuupanga mji mzima kuzunguka lengo hilo.

Tazama hesabu yake. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Kiwango kilichowekwa na Serikali ni wanafunzi 45 kwa chumba kimoja. Mwalimu akitaka kumsikiliza kila mtoto akisoma kwa dakika moja tu, watoto 45 watamchukulia kipindi kimoja na nusu. Jambo hilo linawezekana mara kadhaa kwa juma. Akiwa na watoto 120, atahitaji vipindi vinne vizima, na katika vipindi hivyo watoto 119 watakuwa wamekaa wakimngoja mmoja. Hakuna mwalimu anayefanya hivyo. Anachofanya ni kuandika silabi ubaoni na darasa zima likaitikia kwa sauti: ba, be, bi, bo, bu. Sauti hiyo husikika hadi barabarani na humridhisha mpita njia. Ndani ya sauti hiyo wamo watoto wanaofuata midomo ya wenzao tu, na mwalimu hana njia ya kuwatambua. Mtoto wa namna hiyo hupanda darasa la tatu, la nne, la tano, akinakili ubaoni herufi ambazo kwake ni michoro.

Lengo hili likikubaliwa, mambo mengi yaliyozoeleka hayana budi kubadilika. Desturi katika shule nyingi ni kwamba mwalimu mzoefu, mwenye sifa, hupewa darasa la saba kama heshima. Aliyeripoti jana, au anayekaribia kustaafu, au aliyekosana na uongozi, hupelekwa darasa la kwanza. Vivyo hivyo darasa la saba, ambalo tayari limepungua kwa utoro, hupata vyumba viwili, na darasa la kwanza hubanwa katika kimoja. Mambo haya mawili hayahitaji fedha kutoka hazina wala msaada wa mfadhili. Yanahitaji mwalimu mkuu mwenye ujasiri na afisa elimu atakayemtetea matokeo ya darasa la saba yanapotoka.

Lipo jambo la pili, gumu zaidi kwa kuwa linagusa maisha ya watu. Katika nchi hii mijini kuna walimu wengi kuliko vijijini, na watumishi wote wanajua sababu zake: waume na wake wanaofuatana, hospitali, maji, usafiri. Lakini ndani ya mji wenyewe upo mji na kijiji. Shule za katikati zina walimu wa kutosha, wakati mwingine wa ziada, hata mwalimu akawa na vipindi vichache kwa siku. Shule ya Msongola au Mabwepande inawatazama walimu hao kwa mbali. Kuwahamisha ni haki kwa watoto, ila isifanywe kwa barua ya mistari mitatu. Mwalimu anayetoka Upanga kwenda ukingoni mwa mji hupanda magari mawili au matatu, huamka saa kumi alfajiri, na huacha mtoto wake mwenyewe kwa jirani. Malimbikizo ya fedha za uhamisho yamekuwa malalamiko ya walimu kwa miaka mingi, na malalamiko hayo ni ya haki. Halmashauri isiyolipa uhamisho haina uso wa kudai uzalendo. Ikiwa kipaumbele ni shule za pembezoni, basi nyumba ya mwalimu ya Msongola ijengwe kabla ya ukumbi wa mikutano wa makao makuu.

Kuhusu majengo, viwango vimewekwa wazi. Tundu moja la choo kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Shule yenye wanafunzi 2,000, nusu wasichana, inahitaji matundu 90. Inahitaji vyumba 45 vya madarasa. Shule za ukubwa huo ni za kawaida Dar es Salaam, na zipo zinazozidi hapo sana, hata baadhi zimegawanywa kuwa shule mbili zenye walimu wakuu wawili ndani ya uwanja mmoja. Kugawa jina la shule hakuongezi chumba. Zamu mbili ndizo zilizobaki kuwa kimbilio: vyumba vinatosha, lakini saa za masomo zinakatwa, na mtoto wa zamu ya mchana anarudi nyumbani gizani akigombania daladala na watu wazima waliotoka kazini.

Ardhi ndiyo kikwazo kikubwa. Mitaa mingi ya pembezoni ilijengwa kabla ya mpima ardhi kufika; alipofika, hapakubaki eneo la shule, na sasa kila ekari ni fidia. Baadhi ya halmashauri zimeanza kujenga madarasa ya ghorofa, na huo ni mwelekeo wa kufaa. Fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021 zilithibitisha kwamba nchi ikikusudia inaweza kujenga madarasa 15,000 kwa miezi michache. Zilithibitisha pia kwamba chumba hujengwa mahali penye kiwanja, ambapo si lazima pawe mahali penye watoto. Ofisi ya mipango miji na ofisi ya elimu mara nyingi zimo katika jengo moja. Itakuwa jambo la ajabu kama zitaendelea kupeana taarifa kwa barua.

Fedha za uendeshaji hazihitaji maneno mengi. MMEM ilipoanza, ruzuku ilikadiriwa kuwa dola 10 kwa mwanafunzi, na wakati huo hiyo ilikaribia shilingi 10,000. Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, kiwango kilikuwa shilingi 10,000 zile zile, ambazo 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu na 6,000 hufika shuleni. Leo shilingi 10,000 haifikii dola 5. Shule ya wanafunzi 2,000 hupata kwa hesabu hiyo shilingi milioni 12 kwa mwaka, yaani milioni moja kwa mwezi, ya chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, michezo na utawala. Rais Magufuli alipopiga marufuku michango mashuleni mwezi Januari 2018, aliwaondolea wazazi kero iliyokuwa imekithiri, na aliwaondolea walimu fedheha ya kumrudisha mtoto nyumbani kwa ajili ya shilingi elfu mbili. Pengo lililobaki haliwezi kuzibwa na mwalimu mkuu. Ni wajibu wa madiwani kulitazama katika mapato ya ndani, na halmashauri za Dar es Salaam ni miongoni mwa zile zenye mapato makubwa kabisa nchini.

Kuchagua ni pamoja na kutamka kitakachosubiri, na hapa ndipo mipango mingi inapokuwa na haya. Maabara ya kompyuta isubiri katika shule ambayo watoto wake wa darasa la tatu hawasomi. Uzio usubiri, isipokuwa pale penye barabara kuu au wavamizi wa ardhi. Hamu ya kuzigeuza shule za kawaida ziwe za kufundishia kwa Kiingereza, kwa mfano wa Olympio na Diamond, nayo isubiri; shule hizo zina historia yake na nafasi yake, lakini kuzizidisha sasa kutakuwa kuwachota walimu hodari na wazazi wenye sauti kutoka shule ambazo zinawahitaji mno. Kwa hakika sauti ya wazazi ni rasilimali inayosahauliwa. Watumishi wengi wanaoandaa mipango hii, na madiwani wengi wanaoipitisha, watoto wao husafiri kwa basi la njano kwenda shule za binafsi. Hakuna sheria inayowakataza. Lakini mtu ambaye mwanawe hajakaa sakafuni huliona dawati kuwa takwimu.

Uji usisubiri. Mtoto aliyetoka nyumbani saa kumi na mbili bila kula hasikii silabi.

Namna ya kupima maendeleo inahitaji uangalifu. Kila mwisho wa muhula, mwalimu wa darasa la pili awasikilize watoto mmoja mmoja, akisaidiwa na wenzake wa madarasa ya juu na mratibu elimu wa kata, na hesabu ya wanaosoma na wasiosoma isomwe mbele ya kamati ya shule. Hesabu hiyo ibaki kuwa mali ya shule na wathibiti ubora. Siku itakapoanza kutumiwa kuwatisha walimu wakuu katika vikao vya wilaya, itaanza kupikwa, na ofisi zitakuwa na asilimia za kupendeza huku watoto wakiwa vile vile. Walimu wamewahi kuyaona hayo, na wanajua kuandika wanachotakiwa kuandika.

Haraka inayotakiwa haitokani na tamaa ya kuanza jambo jipya. Sera ya Elimu na Mafunzo toleo la 2023 imeifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita na elimu ya lazima kuwa ya miaka 10. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Januari 2024 amepunguziwa mwaka mmoja ambao wakubwa zake walikuwa nao wa kufidia waliyoyakosa. Tena, wale walioingia darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, wakati ule ule ambapo walio mbele yao watakuwa wanamaliza darasa la saba kwa utaratibu wa zamani. Makundi hayo mawili yatabisha mlango wa kidato cha kwanza pamoja, Januari 2028. Katika Dar es Salaam hayo si makundi madogo, na shule za sekondari za kata zilizopo pembezoni tayari zimejaa. Fedha za mwaka 2027/28 zitaanza kutoka Julai 2027, yaani miezi sita kabla ya watoto hao kufika. Muda huo unatosha kununua madawati. Hautoshi kulipa fidia ya kiwanja, kujenga ghorofa na kumpata mwalimu wa hisabati. Kwa hiyo mahitaji ya Januari 2028 hayana budi kuingizwa katika makisio ya mwaka unaotangulia, yakiwa na majina ya kata na idadi ya vyumba, na madiwani wayapitishe yakiwa hivyo.